Picha ya kupanga nayo ni ushahidi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, manake ile picha mliyoitoa kwenye kurasa za sanaa bado iko kichwani na maneno mliyoyaweka chini yake yamenikera kweli. Nasema ile ya mwanaume Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, aliyevaa koti jekundu la kijeshi la zamani la Waingereza, kasimama ufukweni. Chini mmeandika picha ya maigizo kutoka Australia, basi, hamna jina la aliyepiga, hamna mwaka, hamna jina la mfululizo. Halafu mwandishi wenu anasema kwenye makala kwamba picha za hivi zinapendeza machoni ila haziwezi kuhesabika kama ukweli kwa sababu kila kitu kimepangwa, modo kaambiwa asimame wapi, nguo zimetafutwa, mwanga umetengenezwa, kwa hiyo mtu anayetaka kujua habari za wenyeji wa Australia na ardhi ya mababu zao atafute picha halisi, zile za waandishi wa habari na zile za makumbusho. Hapo ndo sikubaliani nae kabisa, kwa sababu hizo anazoziita halisi ukizifuatilia moja moja utakuta nazo zilipangwa, tena nyingine zilipangwa kwa namna mbaya kuliko hii mliyoitoa nyie.

Kwanza niwape jina. Picha ile ni ya Michael Cook, mpiga picha wa Brisbane mwenye asili ya Wabidjara wa Queensland, na inatoka kwenye mfululizo wake wa mwaka 2010 unaoitwa Undiscovered. Cook kabla ya kuingia kwenye sanaa alipiga picha za mitindo na biashara kwa miaka mingi, ndo maana kazi zake ni safi vile, anajua kupanga mwanga na anajua nguo inakaaje mwilini. Kwenye mfululizo huo anamchukua Mwaborijini anamvisha nguo za mgeni anayekuja kutoka baharini, anamweka ufukweni, palepale ambapo vitabu vya shule viliandika kwamba nchi iligunduliwa. Sasa mtu aliyekuwepo siku zote anagunduliwaje? Swali lote liko kwenye lile koti. Unamwangalia yule jamaa unashindwa kuamua kama anawasili au yuko kwao, na huko kushindwa kuamua ndo kazi yenyewe ya picha.

Mwandishi wenu anataka picha halisi ya jambo hili, mi namuuliza ataipata wapi? Nahodha Mwingereza James Cook (sio huyu mpiga picha) alifika pwani ya mashariki mwaka 1770. Meli 11 za Waingereza zenye wafungwa na askari zilifika Januari 1788. Kamera ilitangazwa rasmi kwa ulimwengu mwaka 1839. Hesabu mwenyewe. Mauaji ya Myall Creek kule New South Wales, ambapo watu wa Wirrayaraay wasiopungua 28 waliuawa, wengi wao wanawake, watoto na wazee, yalitokea Juni 1838, na ni moja ya kesi chache sana ambazo wazungu walinyongwa kwa kuua Waaborijini, saba walinyongwa Desemba mwaka huohuo. Hakuna picha hata moja, na isingewezekana kuwepo. Yaani ardhi kubwa kiasi kile ilianza kuchukuliwa miaka 50 kabla mtu yeyote hajaweza kupiga picha, afu leo mjukuu wa waliochukuliwa ardhi akitaka kuonyesha kilichotokea anaambiwa hujaleta picha halisi. Atafanya nini zaidi ya kurudi palepale, amvishe ndugu yake nguo, amsimamishe, apige?

Haya, tuje kwenye picha za habari ambazo mwandishi anaziamini. Hebu tuchukue ile maarufu kuliko zote huko kwenye mambo ya ardhi. Tarehe 16 Agosti 1975, sehemu inaitwa Daguragu, Northern Territory, waziri mkuu Gough Whitlam anammiminia Vincent Lingiari, mzee wa Wagurindji, mchanga kiganjani kama alama ya kuwarudishia nchi yao. Nyuma ya mchanga ule kulikuwa na miaka 9 ya mvutano, maana mwaka 1966 Lingiari aliongoza wafanyakazi wenzake kama 200 na familia zao wakaacha kazi kwenye ranchi ya Wave Hill iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya kina Vestey wa Uingereza, mwanzoni watu wakafikiri wanagomea mshahara kumbe wanadai ardhi. Picha inaonyesha wanaume wawili, mmoja mrefu kavaa suti, mwingine kanyoosha kiganja, udongo unashuka kati yao, na nyuma yao anga la bluu tupu hamna kitu kingine. Imechapishwa kwenye vitabu, kwenye mabango, kila mahali.

Aliyeipiga ni Mervyn Bishop, mzaliwa wa Brewarrina, Mwaborijini wa kwanza kuajiriwa kama mpiga picha wa habari kwenye gazeti kubwa la huko. Na yeye mwenyewe ameshaeleza hadharani jinsi ilivyokuwa, wala hakuficha. Tendo lenyewe la kumimina mchanga lilifanyika kivulini, chini ya kibanda, akaona mwanga wa pale haumpi picha anayoitaka, akawaomba watoke nje juani warudie. Wakatoka, wakarudia. Hiyo ndo picha tunayoijua. Sasa je, tuseme ni ya maigizo? Ardhi haikurudi? Ilirudi, kwanza kwa hati ya kukodi, na mwaka 1986 wakapewa umiliki kamili. Bishop hakubuni tukio, alilitafutia anga. Na mi naona alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu chini ya kibanda ungeona viongozi na wageni waalikwa, nje unaona mtu, udongo wake na mbingu ya kwao. Alipanga ili ukweli uonekane. Kama hiyo inaruhusiwa kwa mwandishi wa habari, msanii anakatazwa kwa sheria gani?

Na sasa makumbusho. Hapa naomba mwandishi wenu asome taratibu, manake ndo sehemu inayouma. Kuna mzaliwa wa Ujerumani anaitwa John William Lindt, alikuwa na studio mji wa Grafton, kwenye mto Clarence, ardhi ya Wabundjalung na Wagumbaynggirr. Miaka ya 1873 na 1874 aliwapiga picha wenyeji wa pale na kutengeneza albamu ambazo ziliuzwa na kusambaa mpaka Ulaya, zikaingia makumbusho, na kwa miaka mingi watu waliziangalia kama rekodi ya kisayansi ya jinsi Waaborijini wanavyoishi porini. Ziangalie kwa karibu. Nyuma yao ni pazia lililochorwa miti na vilima. Sakafuni kumetandazwa majani na matawi yaliyoletwa kutoka nje. Mikuki na ngao zimeegeshwa vizuri kama kwenye dirisha la duka. Watu wamekaa kimya kabisa, maana teknolojia ya wakati ule ya kupiga picha kwenye vioo vilivyopakwa dawa ya kolodioni ilidai usitikisike kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo hata ule uso mkavu ambao watu waliuandikia maneno mengi sana kuhusu tabia ya jamii nzima, sehemu yake ni amri ya mpiga picha tu, kaa hivohivo usipepese.

Kinachonichoma zaidi ni lile pazia. Nchi yao ilikuwa nje ya mlango. Mto wao wenyewe, miti yao wenyewe, hatua chache kutoka pale walipokaa, halafu wanaingizwa ndani ya chumba wanawekewa pori la kuchora nyuma ya mgongo ili mnunuzi wa Ulaya aone pori. Na majina yao hayakuandikwa. Ilichukua zaidi ya karne moja ndo baadhi yao wakaanza kutambuliwa kwa majina, kwa msaada wa vizazi vyao walioziona zile albamu wakasema huyu ni wa kwetu. Sasa hizi ndo zinaitwa picha halisi na ile ya Michael Cook inaitwa maigizo? Zote mbili zimepangwa, mhariri. Ila moja imepangwa na mtu anayeuza sura za watu bila majina yao, nyingine imepangwa na mwenye babu zake.

Msanii Mwaborijini Tracey Moffatt ndo naona alilielewa hili mapema kuliko wengi. Amezaliwa Brisbane mwaka 1960, na mwaka 1989 akatoa mfululizo unaitwa Something More, picha 9, sita za rangi na tatu nyeusi na nyeupe. Aliutengenezea ndani ya studio, na mandhari ya nyuma ni ya kuchorwa, wazi kabisa, hajaribu hata kukudanganya kwamba ni nje. Ni pazia kama la Lindt! Tofauti ni kwamba safari hii aliyesimama mbele ya pazia ndiye mwenye kamera, maana Moffatt mwenyewe ndo anacheza msichana mkuu, kavaa gauni jekundu la kichina, amesimama mbele ya kibanda anaangalia mbali, mlangoni kuna mwanamke mzungu anavuta sigara, na unaona kabisa huyu binti anataka kuondoka, anataka maisha mengine mjini. Picha zinaenda kama vipande vya filamu ambayo hujaonyeshwa yote. Ya mwisho amelala barabarani kifudifudi, karibu na alama inayoonyesha bado maili 300 kufika Brisbane.

Ukijua historia ya Queensland hiyo maili 300 inakuwa nzito sana. Kuanzia sheria ya mwaka 1897 na nyingine zilizoifuata, serikali ya Queensland iliweza kumhamisha Mwaborijini kumpeleka kwenye hifadhi yoyote, kumpangia kazi, kumzuia asiondoke bila kibali, na mabinti wengi walipelekwa kuwa watumishi wa ndani kwenye nyumba za wazungu na mishahara yao ikashikwa na serikali. Kwa hiyo binti wa gauni jekundu anapoangalia barabara, nyuma ya hamu yake ipo historia ya watu waliokuwa wakihitaji karatasi ili kutembea kwenye ardhi ya babu zao. Moffatt haandiki hayo popote kwenye picha. Ameyaacha kwenye gauni, kwenye barabara, kwenye ule udongo wa kuchora.

Miaka nane baadaye, 1997, akatoa Up in the Sky, picha 25 alizopiga Broken Hill, magharibi kabisa mwa New South Wales, mji wa migodi kwenye ardhi ya Wawilyakali, na hapo sasa nchi yenyewe halisi iko kwenye fremu, vumbi, mabati, magari mabovu, anga kubwa linalokukandamiza. Kuna mwanamke mzungu na mtoto mweusi, kuna watawa wanaomtamani au wanaomchukua yule mtoto, haisemwi wazi. Mwaka huohuo wa 1997 ndo ilitoka ripoti ya Bringing Them Home iliyokadiria kwamba kuanzia mtoto mmoja kwa kila 10 mpaka mmoja kwa kila watatu wa wenyeji wa asili walichukuliwa kutoka kwa familia zao kati ya mwaka 1910 na 1970. Ripoti ile ina mamia ya ushahidi wa maneno. Ile sekunde mtoto anapotolewa mikononi mwa mama yake, nani angeipiga picha? Afisa wa serikali? Moffatt aliitengeneza, na kila ninapoiangalia nashindwa kuiita uongo.

Wapo wengine wengi, siwezi kuwamaliza. Christian Thompson, naye Mbidjara, alipokuwa anasoma Oxford alienda kwenye hazina ya Pitt Rivers Museum kuangalia picha za zamani za Waaborijini zilizohifadhiwa pale, na badala ya kuzitoa tena zile sura za watu waliokufa akajipiga mwenyewe, nyingine amejifunika macho, akauita mfululizo We Bury Our Own, mwaka 2012. Naiheshimu sana hiyo hatua. Kwa jamii nyingi za wenyeji wa Australia kuonyesha sura au kutaja jina la marehemu ni jambo la kuombewa ruhusa, televisheni zao mpaka leo zinatoa onyo kabla ya kipindi. Kwa hiyo kujipanga mwenyewe mbele ya kamera ilikuwa njia ya kuwasema wazee bila kuwaanika tena. Na Michael Riley, msanii mwingine Mwaborijini, aliyezaliwa Dubbo na kufariki mwaka 2004, kwenye mfululizo wa cloud wa mwaka 2000 hakuweka kabisa watu kwenye mandhari, aliweka ng'ombe, biblia, unyoya, bumerangi (ile fimbo ya kurusha ya wenyeji) vikielea angani. Ng'ombe mzima yuko hewani! Ukiwaza ng'ombe na kondoo walivyoenezwa kwenye malisho ya watu wengine na biblia ikafuata, unaelewa kwa nini anavitoa ardhini.

Sasa naomba nieleweke. Sisemi kila picha ya kupanga ni nzuri. Zipo nyingi mbaya, na ubaya wake mara nyingi unaanzia kwenye ardhi. Mtu anatoka mbali na modo wake na gauni refu, anaona mwamba mwekundu mzuri, anapiga, anaondoka, ile nchi kwake ni pazia tu, amerudi kulekule kwa Lindt. Watu wa Anangu, wenyeji wa Uluru, ule mwamba mwekundu mkubwa wa katikati ya Australia, kwa jambo hili wakaweka masharti. Uluru ilirudishwa mikononi mwao tarehe 26 Oktoba 1985, nao wakaikodisha kwa serikali kama hifadhi kwa miaka 99, na mtu anayetaka kupiga picha za biashara pale lazima awe na kibali, na kuna sehemu za mwamba haziruhusiwi kupigwa kabisa, kwa sababu kwao ile mikunjo na mapango ni kama maandiko matakatifu na ni ya kuonwa palepale, na watu wanaostahili. Wapo wapiga picha wanaolalamika kwamba masharti hayo yanabana sanaa. Mi naona kinyume chake. Msanii anayepanga picha ya masimulizi kwenye ardhi ya watu tayari anaiongoza ile nchi kama mhusika, anaiambia iseme kitu, basi aulize wenyewe kama inaruhusiwa kusema hicho. Akiambiwa upande huu hapana, ageuze kamera.

Hicho ndo kipimo ningependa mwandishi wenu akitumie badala ya hiki cha imepangwa au haijapangwa. Nani kapanga? Kwenye ardhi ya nani? Aliyesimama mbele ya lenzi ana jina? Ruhusa ilitoka wapi? Ukiuliza hivyo picha ya Bishop inapita, ya Cook inapita, ya Moffatt inapita, na zile za Grafton zinabaki na maswali ambayo makumbusho bado yanahangaika nayo. Na inampa msomaji kitu cha kufanya anapoangalia, sio kuambiwa tu hii ya kweli hii sio.

Mhariri, ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Toeni tena ile picha wiki ijayo mkiandika jina la Michael Cook, Mbidjara, jina la mfululizo na mwaka, maelezo ya mistari miwili yanatosha. Mkichapisha picha ya zamani kutoka makumbusho, andikeni ilipigwa studio au nje, na nani, na kama waliopigwa wanajulikana majina muwataje pale ambapo jamaa zao wanakubali. Na mkija kutoa kazi za hivi za mfululizo msikate moja mkaiacha peke yake, manake hizi ni hadithi, picha ya tano bila ya nne haisemi kitu. Mkiamua kuonyesha Something More basi tafuteni ukurasa mzima mziweke zote tisa kwa mpangilio wake, hata zikiwa ndogo.

Msomaji wenu wa kila wiki